Voi kwa Siku Moja, Stockport

Binamu yangu aliendesha gari usiku kucha kutoka London, na njia nzima aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo watu hulipa kiingilio waje kutazama watu wazima wenzao wakicheza na vitreni?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza mpaka tulipoipita Birmingham. Nyuma yetu, ndani ya gari la mizigo la kuazima, stesheni ya Voi ilikuwa imelala vipande vitatu, imefungwa kwa mablanketi na mikanda, na kila tulipoingia kwenye shimo nilisikia tangi la maji likigonga ukuta wa ofisi ya stesheni masta.

Stockport tuliingia kungali giza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Novemba, katika mvua ambayo wenyeji hawaihesabu kuwa mvua. Wao husema inatema mate tu. Daraja la reli la mji huu hatukuliona mwanzoni. Tulichoona ni mstari wa madirisha yenye taa ukipita angani, juu ya mapaa ya viwanda, kama mtaa mzima ulioamua kuhama usiku usidaiwe kodi. Binamu akapunguza mwendo. "Ile nini?" akauliza. Nikamwambia hiyo ndiyo treni ya London, sisi tumepita njia ndefu.

Kulipopambazuka daraja lenyewe likajitokeza, na kwa dakika kadhaa sikuwa na haja na kitu kingine chochote. Ni ukuta mwekundu wenye matao 27, umesimama bondeni kwa kimo cha mita 33 hivi, umetoka upande mmoja wa mji na kwenda wa pili bila kuomba njia. Lilikamilika mwaka 1840, na inasemekana limekula matofali yapata milioni 11. Chini yake unapita Mto Mersey, ule ule wa Liverpool, ambao huzaliwa hapa mjini pale mito miwili, Goyt na Tame, inapokutana. Na haujapata hata nafasi ya kujinyoosha, watu wa Stockport wakaufunika kwa maduka. Ukinunua soksi katikati ya mji, mto uko chini ya miguu yako.

Onyesho lilikuwa katika ukumbi wa michezo wa shule moja, dakika chache kutoka katikati ya mji. Usifikirie jambo kubwa. Katika nchi hii, karibu kila mji wenye kujiheshimu una klabu ya watu wa treni za mfano, na mara moja kwa mwaka klabu hiyo hukodi ukumbi, hualika wenzao kutoka miji mingine walete stesheni zao za mezani, hupika chai, na hufungua mlango. Kiingilio ni kama bei ya chakula cha mchana. Hela hiyo hulipa ukumbi, na huwarudishia waalikwa pesa ya mafuta ya gari. Hakuna anayetajirika.

Mlangoni tulipokewa na harufu kabla ya watu: nta ya sakafu, makoti yaliyolowa, risasi ya kulehemu, na nyama ya nguruwe ikikaangwa. Kisha wakaja watu. Wazee wanne walitoka mvuani kama vijana wa gatini, wakashika Voi kila mmoja upande wake, wakaiingiza ndani wakiambiana "kona, angalia kona" kwa upole wa wabeba jeneza. Sikuwahi kuwaona maishani. Hapa kila mtu humwita mwenziwe "love", awe dereva wa basi au mwenye duka, mwanamume au mwanamke, na mara ya kwanza mzee mwenye ndevu nyeupe aliponiambia niweke sanduku pale, mpenzi, binamu yangu aligeuka kutazama ni nani anayeambiwa.

Mama wa jikoni, mwenye aproni ya maua, aliuliza kama tunataka "brew". Neno hilo maana yake ni chai, na chai hapa ni nyeusi kama mafuta machafu mpaka wakuwekee maziwa. Kisha akatuletea mkate wa mviringo, laini, wanaouita "barm", umejaa ile nyama. Nikamweleza kwa adabu kwamba sisi hatuli hiyo. Hakushangaa wala hakuomba radhi mara kumi kama wafanyavyo watu wa kusini. Alirudi jikoni, nikasikia kabati likifunguliwa na kikaango kipya kikioshwa, na baada ya dakika tano tukapata mayai mawili mawili ndani ya "barm" moto, siagi ikitiririka hadi kwenye kiwiko. "Kikaango chenu hicho," akasema. "Leo hakiguswi na mtu." Baadaye, adhuhuri ilipoingia, mtunza ukumbi alitufungulia chumba kinamohifadhiwa mikeka ya mazoezi tupate kuswali, akatuonyesha kusini-mashariki kwa simu yake mwenyewe.

Kabla ya kuwasha chochote, alipita bwana mmoja na kisanduku cha kupimia umeme, akapima kila waya wa kila meza na kubandika kibandiko cha kijani. Bila kibandiko huwashi. Waya wangu mmoja ulikosa. Nilidhani ndio mwisho wa safari, lakini majirani watatu walinyoosha nyaya zao kwa pamoja, kama watu wanaogombea kulipa bili.

Sasa nikueleze meza yetu. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli mbili ziko milimita 12 kutoka moja hadi nyingine, kwa kuwa reli ya zamani ya Mombasa kwenda Nairobi ni ya upana wa mita moja. Ukipiga hesabu utaona kuna ziada ya milimita 44, upana wa vidole viwili na ushee, na ukumbini mle walikuwamo watu wa kuiona ziada hiyo wakiwa bado mlangoni. Kuna jukwaa la stesheni, bohari, mwembe, tangi la maji, na njia ya Taveta ikijitenga na kupotea nyuma ya mkonge. Mbele ndipo watazamaji wanaposimama. Nyuma, palipofichwa na picha ya vilima vya Taita, ndipo treni zinaposubiri zamu, na ndipo sisi waendeshaji tunapobanana, na thermosi zetu, na ugomvi wetu. Waingereza wana jina lao la mahali hapo. Mimi napaita uani. Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi: baraza ni ya wageni, uani ndiko nyumba inakoendeshwa.

Kilichonitesa zaidi katika kuitengeneza Voi ni udongo. Voi bila udongo mwekundu si Voi. Hata ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu yake. Nilitaka mfuko mdogo tu kutoka nyumbani, lakini sheria za Uingereza zinakataza kuingiza udongo kutoka kwetu. Nikajaribu rangi za chupa, ikatoka nyekundu ya midomo. Nikajaribu viungo vya jikoni, maana mafundi wengi wa kazi hii hutumia viungo, lakini paprika na mdalasini vilifanya stesheni inuke biriani, na mvuke wa nyumba ukaviotesha ukungu. Nililitaja hilo katika barua kwa mzee wa Stockport aliyetualika. Baada ya wiki mbili likaja kwa posta kopo la biskuti, zito ajabu, na ndani yake vumbi la tofali la Stockport, limepondwa kwa nyundo na kuchekechwa kwa soksi ya mkewe. Juu yake kikaratasi: jaribu hili. Nikalimwaga juu ya gundi, nikapuliza, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliiona Voi.

Hata kichwa cha treni kimetoka upande huu. Kilomita chache kaskazini mwa Stockport, Gorton, Manchester, ndipo kilipokuwa kiwanda cha Beyer, Peacock, kilichoanza mwaka 1854 na kufungwa mwaka 1966. Hapo ndipo vilipozaliwa vichwa vya Garratt vya daraja la 59, vyote 34, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya reli yetu ya Afrika Mashariki. Ujanja wake aliusajili Mwingereza Herbert Garratt mwaka 1907. Boila linaning'inia katikati, na mashine na magurudumu yake yamegawanywa seti mbili, moja mbele na moja nyuma, kila seti ikijigeuza peke yake. Kwa hiyo jitu lenye urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa zaidi ya tani 250 likaweza kupinda kona za Mazeras kama chatu, bila kuzivunja reli. Kwenye reli za upana wa mita moja hakijawahi kujengwa kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hicho. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wetu. Viwili vimesalia, Mount Gelai na Mount Shengena, viko Makumbusho ya Reli pale Nairobi, na ukienda utaona watoto wakipanda humo kana kwamba ni miembe. Changu nimekiita Mount Shengena, kwa sababu mama yangu ni Mpare, na mlima huo ni wa kwao. Kina urefu wa sentimita 36, magurudumu 28, na majira mawili ya baridi ya maisha yangu.

Saa nne kamili mlango ukafunguliwa. Wa kwanza kuingia walikuwa wazee wenye mifuko mgongoni, wakaelekea moja kwa moja kwenye meza za mitumba, kwa mwendo wa watu wasiokimbia lakini wasiotaka kupitwa. Nyuma yao familia, magari ya watoto, mababu walioshikwa mikono na wajukuu. Mount Shengena ikatoka uani, ikapita chini ya vilima vya Taita ikivuta mabehewa tisa, ikafika katikati ya jukwaa mbele ya watu ishirini, ikasimama. Sikuwa nimeisimamisha mimi. Ilikuwa vumbi. Lile vumbi zuri la tofali lilikuwa limetifuka njiani usiku na kutanda juu ya reli, na umeme wa volti 12 haupiti juu ya tofali. Nilijiinamia na kitambaa cha spiriti nikisugua, masikio yakinichoma, huku binamu yangu akiwatangazia watazamaji kwa Kiingereza cha stesheni masta kwamba treni imechelewa kwa sababu ya ndovu. Walicheka. Tena hawakuondoka. Nimejifunza kwamba watu hawa hupenda treni iliyokwama kama wanavyopenda inayotembea. Kila mmoja ana ushauri, na wawili kati yao wana dawa mfukoni.

Wana na mzaha wao. Vichwa vya mvuke huainishwa kwa kuhesabu magurudumu: ya mbele, ya nguvu, ya nyuma. Cha kwetu ni nne-nane-mbili, kisha mbili-nane-nne. Treni ikigoma kabisa na mwenyewe akaamua kuinyanyua kwa mkono, wanasema ameleta kichwa cha sifuri-tano-sifuri. Vidole vitano. Siku hiyo sifuri-tano-sifuri yetu ilifanya kazi nyingi kuliko Mount Shengena.

Akaja pia yule ambaye kila onyesho halikosi kuwa naye: mhesabu ribiti, mtu asiyepitwa na kasoro hata ndogo. Alikuwa na daftari na miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kwenye paji. Alitazama robo saa bila kusema. Kisha akaniambia, kwa huruma, kwamba ngazi ya tangi la mbele nimeiweka upande usio wake. Nilitaka kumchukia. Nikafungua picha nilizopiga Nairobi, nikazikuza, na alikuwa sahihi. Aliondoka akiwa na huzuni kuliko mimi.

Mwingine, mzee mpole sana, aliitazama Voi kwa furaha akasema, "Kwa hiyo tuliwajengea reli nzuri." Hakuna ubaya katika sauti yake. Nikamwambia reli hiyo iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa, mbali na watu wa kwetu ambao hakuna aliyewahesabu. Akasimama kidogo. "Hilo hatukufundishwa," akasema. Akaenda, nikadhani nimemkosa, akarudi na vikombe viwili vya chai, chake na changu, akataka nimwonyeshe ni wapi hasa kwenye njia simba wa Tsavo walipokuwa wakiwala watu mwaka 1898. Nilimwonyesha: sentimita 60 nje ya meza, karibu na mlango wa choo.

Saa saba nilimwachia binamu usukani na kutoka kupata hewa. Mvua ilikuwa imeacha kutema mate, sasa inapumua tu. Stockport ni mji wa ngazi. Umejengwa ngazi juu ya ngazi, na ukipita mtaa wa Little Underbank utaona mtaa mwingine ukikatiza juu ya kichwa chako kwa daraja, pamoja na magari na watu wake, hata ukajiuliza wewe uko chini ya ardhi au wale wako angani. Juu ya kilima kuna soko, ukumbi wa chuma na vioo wa mwaka 1861, mwanga wake wa kijivu ukianguka juu ya jibini, vitufe vya nguo, maua na sahani za mitumba. Nilikula pai ya jibini na vitunguu, moto hadi ikaniunguza ulimi, ngozi yake ikivunjika na kumwagika kwenye koti. Ni chakula cha watu wa baridi, kizito, cha chumvi, hakina pilipili hata ya dawa, na nilikula mbili.

Mji huu zamani ulikula kwa kofia. Viwanda vyake vilitengeneza kofia za sufu iliyoshindiliwa, makumbusho yake ya kofia yako ndani ya kiwanda cha zamani chenye bomba refu la moshi, na hata timu yao ya mpira, Stockport County, huitwa watengeneza kofia. Basi nilipokuwa nikifuta makombo, mwenye kibanda cha nguo alitoka nyuma ya meza yake akaniomba, kwa heshima, kuigusa kofia yangu. Ilikuwa kofia ya viua, ya mkono, ya Lamu. Akaigeuza, akatazama ndani ambako watu wasiojua hawatazami. Akauliza inachukua muda gani. Nikamwambia miezi, kwa mtu mwenye subira. Akatikisa kichwa na kunirudishia kwa mikono miwili, kama mtu arudishaye mtoto.

Niliporudi nilimkuta binamu yangu amezungukwa. Mbele ya meza alisimama bibi wa Kihindi wa miaka sabini na kitu, koti zito juu ya salwar, pamoja na mjukuu wake wa kiume aliyekuwa akimtafuta ndovu. (Nimemficha ndovu mmoja mwekundu kwenye mkonge, watoto humpata upesi, watu wazima hawampati kabisa.) Bibi hakuwa akitazama treni. Alikuwa akikagua jukwaa kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alinigeukia taratibu. "Marahaba," akasema, kisha akacheka, kwa kuwa neno hilo lilikuwa limemtoka peke yake. Halafu, kwa Kiswahili cha Nairobi cha enzi zake: "Wewe kijana. Mama ya mayai iko wapi?"

Nikamuuliza mama yupi. Akasema mama wa mayai ya Voi, yule wa jukwaani. Kila likizo walishuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa na baba yake, aliyekuwa gadi wa treni, na treni ikisimama Voi yeye na kaka zake walitoa vichwa dirishani, na baba akanunua mayai ya kuchemsha, na chumvi na pilipili imefungwa ndani ya kipande cha gazeti. Umeweka stesheni masta, akasema. Umeweka mzungu na mbwa. Umeweka tangi. Mayai huna. "Hii si Voi. Hii ni picha ya Voi."

Binamu yangu, ambaye alfajiri alikuwa akituonea haya sote, alimwambia, "Mama, rudi saa tisa na nusu."

Tulikwenda pamoja kwenye meza za mitumba. Huko kuna kila kitu: mabehewa ya Hornby yenye visanduku vilivyochakaa, vichwa visivyo na magurudumu, magurudumu yasiyo na vichwa, na kwenye boksi moja la viatu, watu. Watu wadogo mamia, wamechanganyika, makarani, masista, askari, wavuvi. Hakuna hata mmoja aliyefanana na mtu wa Voi. Binamu alizamisha mkono akatoka na mkamaji wa ng'ombe wa Kiingereza, mwanamke mnene kidogo, mwenye kilemba na ndoo mkononi. Peni hamsini, akasema muuzaji, kisha aliposikia habari ya mayai akakataa hela.

Kazi tuliifanya meza ya chai. Mama wa aproni alitupa sahani na kijiti cha meno. Msichana wa klabu, labda wa miaka kumi na minne, fundi kuliko sisi wote, alikata ndoo kwa wembe, akaibapaza kwa koleo ikawa sinia, akaibandika juu ya kile kilemba. Mhesabu ribiti alijitolea kupaka khanga. Alitaka kujua mpangilio wake, nami nikamchorea: pindo, mji, na mahali pa jina. Kwa brashi ya unywele mmoja akaweka pindo nyekundu na nukta nyeupe, na mahali pa jina akaweka mstari mweusi mwembamba, akaniuliza pangekuwa pameandikwa nini. Nikamwambia maneno ya khanga humtegemea mvaaji na jirani yake. Aliridhika sana na jibu hilo, akaliandika kwenye daftari. Mayai tulitengeneza kwa punje za chumvi.

Wakati rangi inakauka nilipata nafasi ya kuzunguka ukumbi, jambo ambalo mwenye meza huwa halipati. Kulikuwa na machimbo ya mawe ya Wales, vibehewa vidogo kama vidonge, ukungu wa pamba ukining'inia juu. Kulikuwa na njia kuu ya zama za miaka ya 1950 katika kipimo kidogo cha 1:148, treni ndefu zikipishana kwa mwendo wa maji, na bwana wake akila biskuti bila kuziangalia. Kulikuwa na stesheni nzima ndani ya sanduku la fidla. Meza niliyoipenda zaidi haikuwa na treni inayotembea wakati wote niliposimama pale: mtaa wa nyuma wa mji wa kaskazini, nguo zimeanikwa kwenye kamba, mvua ya vanishi juu ya mawe, paka ukutani, na taa moja jikoni. Mwenyewe alisema ni mtaa wa nyanya yake, ulivunjwa zamani. Nilimuuliza treni iko wapi. Akasema itapita, lakini nyanya yake hakuwa akiisubiri.

Niseme ukweli: nywele nyingi mle ukumbini zilikuwa nyeupe, na weusi tulikuwa wawili, mimi na binamu. Viti ni vichache, choo ni kimoja kwa wanaume mia, na kufikia alasiri miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwenye sakafu ile ngumu. Lakini sijawahi kuona umati ambao wageni wanaulizwa maswali mengi namna hii na kusubiriwa wajibu.

Saa tisa na nusu bibi alirudi, safari hii na mjukuu, binti yake, na mkwe. Tulimsimamisha muuza mayai kwenye jukwaa, mkono wangu ukitetemeka, maana gundi ilikuwa bado mbichi. Mount Shengena ikaingia polepole. Mtikisiko ukamwangusha mama wa mayai kifudifudi.

"Amechoka," akasema bibi. "Tangu asubuhi anauza."

Sifuri-tano-sifuri ikamwinua. Akasimama. Treni ikaondoka, akabaki amesimama. Bibi akatoa kitu mkobani, nikadhani ni leso. Kilikuwa pilipili na chumvi ndani ya karatasi ya alumini, akaenda nacho jikoni, na baada ya muda mama wa aproni akaja na bakuli la mayai ya kuchemsha yaliyomenywa, yakifuka moshi. Tulikula pale pale uani, tumebanana, bibi, mhesabu ribiti, msichana wa wembe, binamu yangu na mimi, tukichovya mayai kwenye pilipili, huku treni ya Taveta ikizunguka bila msimamizi mpaka ikagonga mkonge. Mhesabu ribiti alitokwa machozi. Ilikuwa pilipili kweli.

Saa kumi na moja filimbi ikapigwa. Huwezi kuamini jinsi miji inavyovunjwa upesi. Katika saa moja, Wales, mtaa wa nyanya na njia kuu ya 1950 vilikuwa vimeingia kwenye magari, na ukumbi ukarudi kuwa ukumbi, mistari ya mpira wa kikapu sakafuni. Mtunza ukumbi alifagia mahali tulipokuwa, akakusanya vumbi jekundu kidogo kwenye beleshi lake, akaniuliza kama nalitaka. Nikatoa kopo la biskuti.

Nje giza lilikuwa limeshashika kitambo. Mzee aliyetualika alitugongea dirisha la gari, akatupa mfuko wa keki zilizobaki, akamwambia binamu yangu, "Endesha polepole, love." Binamu akajibu, "Asante, love," bila kutabasamu.

Barabara kuu inapita katikati ya matao ya lile daraja, chini kabisa, hata ukainama bila sababu. Tulipokaribia, madirisha yenye taa yakaanza kupita juu, kuelekea kusini. Binamu aliondoa mguu kwenye mafuta. Magari ya nyuma yakapiga honi. Yeye alikuwa ameegemea usukani, shingo juu, midomo ikicheza.

"Kumi na moja," akasema. "Mabehewa kumi na moja."